Pandikizi la Mtu

Kiswahili hakikosi maneno ya kuusifu au kuukejeli mwili wa binadamu. Mrefu kupita kiasi huitwa njorinjori. Aliyekonda akawa kama ukuti huitwa kimbaombao. Mwenye kifua kipana na mabega yaliyojaa husemwa kuwa ni wa miraba minne. Na yule ambaye akisimama mlangoni chumba huingia giza, huyo ni pandikizi la mtu. Neno hili la mwisho linastahili kutazamwa kwa makini, maana halijaachana mbali na kitenzi pandikiza: kuung'oa mche kitaluni na kuupanda mahali pengine ili ukue. Iwe ni nasaba ya kweli au mfanano wa sauti tu, anayelisikia neno hilo husikia ukubwa wa mtu na, papo hapo, mkono wa aliyempanda. Hao ndio mapandikizi wanaozungumziwa hapa: vijana wanaocheza kandanda ya Kimarekani katika vyuo vikuu vya nchi ile, na masimulizi yanayodai kwamba kila pembe ya Marekani huzaa mwili wa namna yake.

Msomaji wa Afrika Mashariki asikiapo neno kandanda humwona mtu akipiga mpira wa duara kwa mguu. Kandanda ya Kimarekani ni mchezo mwingine, ulio karibu zaidi na raga. Kila upande una wachezaji kumi na mmoja. Mpira una umbo la yai lenye ncha mbili. Uwanja una urefu wa yadi 100. Timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusogea mbele yadi 10, na ikishindwa humpa mwenziwe mpira. Kila jaribio linapoanza, safu mbili za wanaume hugongana kifua kwa kifua: safu ya mashambulizi ikimkinga kwotabeki, yaani mrushaji anayeongoza mchezo, na safu ya ulinzi ikijaribu kumfikia na kumwangusha. Hapo kwenye safu uzito huhesabiwa kama mali. Kule pembeni, wanakosimama wapokeaji wa mpira na wale wanaowachunga, mali ni mbio.

Kutokana na mgawanyiko huo wa mali, mashabiki wa Marekani wamejenga jiografia yao. Husemwa kwamba majimbo ya Kati-Magharibi, kama vile Wisconsin, Michigan, Ohio na Nebraska, hutoa wana wa wakulima waliolelewa kwa mahindi na nyama ya ng'ombe, wazito, wavumilivu, wasio na haraka. Husemwa kwamba Kusini, katika Florida, Alabama, Georgia na Louisiana, huzaliwa mishale: vijana wepesi ambao upepo huwafuata nyuma. California husifiwa kwa jua na kwa mikono ya kurusha mpira. Wasamoa wa visiwa vya Pasifiki, nao, husemwa kuwa wamezaliwa majitu. Lisemwalo lipo, walinena wahenga. Hata hivyo, liwapo lafaa kuulizwa limefikaje hapo.

Hapana shaka kwamba hali ya hewa ina sehemu yake. Mwezi wa Novemba uwanja wa Michigan au Wisconsin huwa na upepo mkali, na wakati mwingine theluji. Mpira ulioloa haurushiki kwa urahisi, kwa hiyo kocha wa huko alijifunza mapema kuwategemea watu wazito wanaosukuma ardhini hatua kwa hatua. Lakini theluji haielezi kila kitu, kwa sababu theluji haijabadilika sana ilhali miili imebadilika mno. Vyuo vya Rutgers na Princeton vilipocheza mchezo wa kwanza baina ya vyuo, tarehe 6 Novemba 1869, hakuna aliyekuwa na habari za majitu. Miongo miwili baadaye, William Heffelfinger, kijana wa Minnesota aliyechezea Yale kuanzia 1888 hadi 1891, alistaajabiwa kama jabali la zama zake. Uzito wake haukufika kilo 100. Leo kijana wa uzito huo angeambiwa atafute nafasi nyingine mbali na safu, maana wanaosimama pale aghalabu huzidi kilo 135.

Sheria za mchezo zenyewe zilikuwa kitalu cha kwanza. Mwaka wa 1905 wachezaji wasiopungua 18 waliripotiwa kufa kutokana na mchezo huu, na Rais Theodore Roosevelt akawaita wakuu wa kandanda wa Harvard, Yale na Princeton ili watafute njia ya kuupunguza ukatili. Mwaka uliofuata ikaruhusiwa kurusha mpira mbele, na mlango ukafunguliwa kwa wepesi. Kwa upande mwingine, hadi katikati ya miaka ya 1960 sheria ziliwabana makocha wasibadilishe wachezaji ovyo, hivyo mtu yule yule alishambulia na kulinda. Mtu wa kilo 140 asingeweza kustahimili kibarua hicho mchana kutwa. Vizuizi vilipoondolewa, ikawezekana kumfuga mtu mzito kwa kazi moja tu, apumzike, kisha arudi. Kalamu ya watunga sheria ilinenepesha safu kabla ya jiko lolote la shambani.

Kitalu cha pili kilikuwa ubaguzi wa rangi, na hapa ndipo hadithi ya mishale ya Kusini inapoanza kuvuja. Kocha Paul "Bear" Bryant wa Chuo Kikuu cha Alabama alitwaa ubingwa wa taifa mwaka wa 1961 bila kushindwa hata mara moja, kisha akautwaa tena 1964 na 1965. Sifa ya vikosi vyake ilikuwa wepesi. Wachezaji wengi wa safu zake hawakufikia kilo 100, na watu wakasema hivyo ndivyo Kusini ilivyo: watu wadogo, wakakamavu, wenye mbio. Wakati huo huo, katika jiji la Birmingham, lililo katika jimbo hilo hilo la Alabama, alikuwa amelelewa kijana aitwaye Junious "Buck" Buchanan, mwenye kimo cha zaidi ya mita mbili na uzito wa zaidi ya kilo 120, na mwenye kasi iliyowashangaza waliomwona. Chuo kikuu cha jimbo lake hakikupokea wachezaji weusi. Buchanan akaenda Grambling, chuo cha Wamarekani Weusi kule Louisiana, chini ya kocha Eddie Robinson, na mwaka wa 1963 akawa wa kwanza kuchaguliwa miongoni mwa wote waliosajiliwa na ligi ya kulipwa ya AFL. Kusini ilikuwa na majitu yake tangu hapo. Iliyakataa, kisha ikajitangaza kuwa nchi ya watu wadogo.

Waliokataliwa na Kusini, wengine walipandikizwa Kaskazini. Duffy Daugherty, kocha wa Michigan State, aliwasajili vijana weusi wa Kusini kwa wingi usiokuwa wa kawaida katika siku zile. Charles "Bubba" Smith, mlinzi wa safu mwenye zaidi ya mita mbili, alitoka Beaumont, Texas. George Webster alitoka Anderson, South Carolina. Gene Washington alitoka La Porte, Texas, na kwotabeki Jimmy Raye alitoka Fayetteville, North Carolina. Wakiwa na vijana hao, Michigan State hawakushindwa mchezo hata mmoja wa ligi yao ya Big Ten mwaka wa 1965 wala 1966. Mtazamaji aliyeketi uwanjani akalisifu umbo la Bubba Smith kama mfano wa nguvu za Kati-Magharibi alikuwa akiutazama mwili wa Texas. Udongo ulikuwa wa Beaumont; kilichokuwa cha Michigan ni mlango uliokuwa wazi.

Tarehe 12 Septemba 1970 Chuo Kikuu cha Southern California kilishuka Birmingham kucheza na Alabama. Sam Cunningham, kijana mweusi wa California mwenye mwili mzito na miguu myepesi, alikimbia yadi 135 mbele ya kikosi cha weupe watupu, na Alabama wakalala kwa 42 kwa 21. Imekuwa desturi kusimulia kwamba usiku ule peke yake ndio uliowafungulia weusi mlango wa Alabama. Simulizi hiyo ni tamu kuliko ukweli. Wanafunzi weusi wa chuo hicho walikuwa wameshafungua kesi mahakamani mwaka wa 1969, na Wilbur Jackson, mchezaji mweusi wa kwanza kupewa ufadhili wa kandanda na chuo hicho, alikuwa tayari amesajiliwa, ila kanuni za wanafunzi wa mwaka wa kwanza zilimzuia kucheza. Hata hivyo, mchezo ule uliwaonyesha mashabiki wa Kusini kwa macho yao kile ambacho sheria zao zilikuwa zimekifukuza. Ndani ya miaka michache tu timu za Kusini zilibadilika sura na umbo, ilhali jua la Alabama lilikuwa lile lile.

Kitalu cha tatu ni chumba cha vyuma. Mwaka wa 1969 Chuo Kikuu cha Nebraska kilimwajiri Boyd Epley awafundishe wanakandanda kunyanyua vyuma, wakati ambapo makocha wengi waliamini kuwa vyuma humfanya mchezaji awe mzito wa kugeuka. Nebraska wakatwaa ubingwa wa 1970 na 1971, na vyuo vingine vikaiga. Mashabiki waliendelea kusimulia habari za mtoto wa mkulima aliyeota misuli kwa kubeba magunia na kuwafukuza ndama. Wapo wana wa wakulima waliofanya hivyo, na Nebraska iliwathamini. Lakini misuli iliyoogopwa kote nchini ilitengenezwa chini ya paa, kwa daftari la hesabu, mizani na ratiba ya mlo. Samaki mkunje angali mbichi: vijana hao walikunjwa wakiwa na umri wa miaka kumi na minane.

Wasamoa nao wana historia ambayo hadithi ya damu huifunika. Samoa ya Marekani ina wakazi wapatao 50,000 tu. Jeshi la majini la Marekani lilipoifunga kambi yake ya Pago Pago mwaka wa 1951, familia nyingi zilizotegemea ajira za kambi zilihamia Hawaii na baadaye California, na watoto wao wakaukuta mchezo huu shuleni. Kanisa la Mormoni, lenye waumini wengi visiwani, likajenga njia nyingine ya kuelekea Utah. Ndiyo maana majina ya Kisamoa yamejaa katika vikosi vya magharibi ya nchi. Junior Seau na Troy Polamalu walichezea Southern California. Marcus Mariota, mzaliwa wa Honolulu, alichezea Oregon na kutwaa tuzo ya Heisman mwaka wa 2014, na yeye ni kwotabeki mwepesi wa mbio, wala si jabali la safuni. Anayesema Wasamoa wamezaliwa kwa ajili ya safu ya mbele ameisahau meli, kambi, kanisa na shule.

Mwaka wa 2007 jiografia ya mashabiki ilifikia kilele chake. Tarehe 8 Januari, Ohio State, waliokuwa hawajashindwa msimu mzima, walikutana na Florida katika fainali kule Glendale, Arizona. Ohio State waliurudisha mpira wa kwanza hadi mwisho wa uwanja na kupata pointi, kisha mambo yakawageukia. Walinzi wa Florida walimfikia kwotabeki kabla hajainua kichwa, na Ohio State wakaambulia yadi 82 tu kwa mashambulizi yao yote. Matokeo yalikuwa 41 kwa 14. Tangu siku hiyo "mbio za Kusini" likawa jibu la kila swali. Ngoma ikivuma sana hupasuka, na hii nayo ilipasuka. Urban Meyer, kocha wa Florida siku ile, alikuwa mzaliwa wa Ohio. Mwaka wa 2012 alirejea kwao kuifundisha Ohio State, akasajili vijana kutoka kila pembe ya nchi, na Januari 2015 akawafunga Alabama 42 kwa 35 na kisha Oregon 42 kwa 20, akatwaa ubingwa. Mbio zilikuwa zimepanda gari zikaenda Kaskazini. Alabama nao, wale wale waliosifiwa kwa udogo enzi za Bryant, waliwashinda Notre Dame 42 kwa 14 katika fainali ya Januari 2013 kwa safu ya mashambulizi iliyokuwa na watu wa zaidi ya kilo 135. Katika muda wa nusu karne Kusini na Kaskazini zilibadilishana mavazi.

Hata pale ambapo tofauti ya miili ni ya kweli, haitoi hukumu ya mwisho. Vyuo vya kijeshi haviwezi kufuga majitu, kwa kuwa kila mhitimu anatakiwa kuwa afisa mwenye mwili unaokidhi vipimo vya jeshi. Chuo cha wanamaji cha Navy kilijijengea mchezo wa kukimbia kwa hila, ambapo mlinzi mzito hajui mpira uko kwa nani. Tarehe 3 Novemba 2007 kikawashinda Notre Dame 46 kwa 44 baada ya nyongeza tatu za muda, na kukomesha msururu wa kushindwa mara 43 mfululizo. Miezi miwili kabla ya hapo, tarehe 1 Septemba, Appalachian State, chuo cha milimani North Carolina kilichokuwa kikicheza daraja la chini wakati huo, kiliingia katika uwanja wa Michigan wenye watazamaji zaidi ya 109,000. Waliwatawanya wachezaji wao uwanja mzima ili mapandikizi yalazimike kukimbia, na wakashinda 34 kwa 32. Akili ni mali, na siku hizo mbili ilikuwa na thamani kuliko kilo.

Mkenya hana haja ya kulitazama jambo hili kama la ng'ambo pekee. Vyuo hivi hivi vya Marekani viliwasajili wanariadha wa Kenya kwa ufadhili, na mwaka wa 1978 Henry Rono, akiwa mwanafunzi wa Washington State, alivunja rekodi nne za dunia kwa muda wa siku 81. Wengi walijibu kwa neno moja: damu. Walisema watu wa Bonde la Ufa wamezaliwa hivyo. Hapana aliyehesabu kilomita za alfajiri, makocha, wala hamu ya kijana aliyejua kwamba miguu yake ndiyo nauli yake. Kumwambia mtu kwamba ushindi wake ni wa kimaumbile kunasikika kama sifa, kumbe ni kumnyang'anya jasho lake. Lugha ya kimaeneo ya kandanda hufanya unyang'anyi huo huo. Mweusi wa Florida akishinda, ni mbio za kuzaliwa. Mweupe wa Wisconsin akishinda, ni malezi mema ya shambani. Mmoja huandikiwa damu na mwingine huandikiwa bidii, ilhali wote wawili waliamka saa kumi na moja alfajiri wakaingia katika vyumba vya vyuma vinavyofanana.

Tena kuna madhara mazito kuliko kunyimwa sifa. Mwili unaodhaniwa kuwa wa kuzaliwa hauonewi huruma, kwa maana hudhaniwa kwamba umeumbwa kwa kazi hiyo na utaistahimili. Mwishoni mwa Mei 2018, katika Chuo Kikuu cha Maryland, mchezaji wa safu ya mashambulizi mwenye umri wa miaka 19 alizidiwa na joto wakati wa mazoezi ya mbio. Hakuzamishwa katika maji baridi kama ilivyopasa, na alifariki tarehe 13 Juni. Chuo kilikiri kuwajibika kisheria na kimaadili. Kijana mzito hupoteza joto polepole kuliko mwepesi; hilo ni jambo la mwili, na lilikuwa likijulikana. Madaktari, aidha, wameonya kwa miaka mingi kuhusu shinikizo la damu, maradhi ya moyo na kukatika kwa pumzi usingizini miongoni mwa wanaonenepeshwa kwa ajili ya safu. Joe Thomas, aliyetoka Wisconsin akacheza katika ligi ya kulipwa hadi 2017, ameeleza hadharani jinsi alivyolazimika kula hata akiwa hana njaa ili asipungue, na alipostaafu alipunguza zaidi ya kilo 20. Pandikizi lile lililosifiwa kuwa zao la Wisconsin lilikuwa sahani iliyojazwa kila siku, mwaka baada ya mwaka.

Hivi leo ramani yenyewe imevurugika. Mwaka wa 2024 vyuo vya California, Oregon na Washington viliingia katika ligi ya Big Ten, hata Rutgers ya pwani ya Atlantiki na UCLA ya pwani ya Pasifiki zikawa ndugu wa ligi moja. Tangu 2021 wachezaji wanaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina na sura zao, na tangu 2025 vyuo vyenyewe vinaweza kuwalipa moja kwa moja. Kijana huhama chuo kwa wepesi ambao Bubba Smith hakuuota. Upandikizaji uliokuwa ukifanywa kwa siri ya ubaguzi sasa hufanywa kwa mkataba na kwa malipo, na hilo, pamoja na kasoro zake, lina uaminifu fulani: angalau thamani ya mwili imetajwa, na mwenye mwili amekaa mezani.

Mashabiki hawataacha kusema kwamba Kaskazini ni wazito na Kusini ni wepesi. Maneno ya namna hiyo hukolea kama chumvi katika mazungumzo. Lakini mtumiaji wa Kiswahili ana neno linalomkumbusha zaidi ya hapo. Kila atakapotamka pandikizi la mtu, na aulize mche huo uling'olewa wapi, ni nani aliyeupanda, ulimwagiliwa nini, na siku ya mavuno ikipita, nani ataubeba uzito huo hadi nyumbani.